Kuizunguka Lamu kwa miguu: kuchagua siku, kiatu na mzigo

Kisiwa cha Lamu kinazungukika kwa miguu kwa siku moja. Unatoka mjini, unapita kijiji cha Shela, unaufuata ufuo wa bahari kuu hadi Kipungani, unakata ndani mpaka Matondoni, kisha unarudi mjini kabla ya magharibi. Njia yote inakaribia kilomita 30. Hakuna vibao wala alama za rangi mitini. Kuna ufuo, vijia vya punda na watu wa kuulizwa. Vijana wengi waliozaliwa hapa hapa hawajawahi kuifanya safari hii, na hilo linanisikitisha, maana haitaki pesa nyingi wala mwili wa mwanariadha. Inataka ujue maji yatakuwa wapi saa ngapi, na mguu wako utakanyaga nini.

Ushauri mwingi wa vifaa unaozunguka kwenye simu zetu umeandikwa na watu wa njia za mbali, kama ile ya Appalachian kule Marekani yenye urefu wa kilomita zipatazo 3,500, au njia za mahujaji wanaokwenda Santiago de Compostela, Hispania. Kwa huko ni ushauri mzuri. Mtu anakutana na matope ya baridi, mawe na mvua za siku nyingi, na pengine amebeba hema na chakula cha wiki. Sisi tuna mchanga, chumvi, jua kali na bahari inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Aliyenunua buti la ngozi lenye bitana ya kuzuia maji kwa sababu amesoma kwamba ndilo bora, atalijutia kabla hajafika nusu ya ufuo wa Shela.

Kwanza tafuta siku

Ufuo wa Shela una urefu wa kilomita 12 hivi. Maji yakiwa yamepwa, panatokea ukanda mpana wa mchanga uliolowa na kukazana, na mtu anatembea bila taabu. Maji yakijaa, ukanda ule unafunikwa na unasukumwa juu kwenye mchanga mkavu, ambako kila hatua mguu unazama na kisigino kinarudi nyuma. Waliopima jambo hili wamekuta kwamba kutembea kwenye mchanga laini kunakula nguvu zaidi ya maradufu ya ardhi ngumu. Hakuna kiatu kinachoweza kukuondolea hasara hiyo. Inaondolewa na tarehe.

Hesabu yenyewe wavuvi wanaijua kichwani, na wewe waweza kuijua kwa jioni moja. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, na saa nne asubuhi ndipo maji yanapokuwa yamejaa. Kweli hayajai sana kama ya bamvua, lakini mchanga mgumu utakaoupata ni mwembamba.

Unachotaka ni maji yapwe kabisa ukiwa katikati ya ufuo. Ukiondoka Shela saa moja asubuhi na kwenda kwa mwendo wa kawaida, katikati utafika karibu na saa tatu. Basi chagua siku za kukaribia bamvua: mwezi kumi na mbili hadi kumi na nne, au ishirini na saba hadi ishirini na tisa kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hupwa kati ya saa tatu na saa nne unusu asubuhi. Maji yatakuwa yanakupisha tangu unapoanza, na yatakapoanza kurudi nawe unakaribia Kipungani. Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji, nalo lina faida, lakini kabla ya kulala nenda gatini umwulize nahodha yeyote: "Kesho maji yanapwa saa ngapi?" Atakujibu, na atakwambia pia habari za upepo, ambazo jedwali halina.

Kuhusu majira nitasema kwa ufupi. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni kukavu na joto ni kali. Upepo unakusukuma mgongoni ukielekea Kipungani. Kusi kukikolea, Juni hadi Agosti, hewa ni nafuu lakini upepo wa baharini unakupiga upande wa kushoto na kukurushia mchanga kutwa nzima, kwa hiyo miwani inakuwa ya lazima. Masika ya Aprili na Mei acha kabisa, maana vijia vya Matondoni hushika maji na mbu ni wengi. Mimi napenda maleleji ya Oktoba na Novemba, upepo ukiwa unabadilika na bahari imetulia. Na ikiwa unafunga Ramadhani, ngojea Shawali. Ufuo ule hauna kivuli cha kumstahimilia mtu aliye na kiu.

Kiatu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu safari yao.

Weka mbele yako ardhi utakayoikanyaga. Kutoka mjini hadi Shela kuna saruji, mawe na mchanga. Ufuoni kuna mchanga uliolowa chumvi, na mara nyingine wimbi litakufikia vifundoni utake usitake. Kipungani hadi Matondoni ni mchanga mkavu wa vijia, udongo na miba, na ukikosea njia kuelekea upande wa mikoko unakuta tope. Hakuna hata kipande kimoja cha njia hii kinachohitaji soli ngumu ya mlimani. Kila kipande kinataka kiatu chepesi, kinachopitisha hewa na kinachotoa maji kwa haraka.

Kwa hiyo jibu langu ni raba nyepesi za kukimbilia, zenye kitambaa cha wavu juu na soli nene ya kiasi. Hata kwenye zile njia ndefu za Marekani, wengi siku hizi wameacha mabuti na kuhamia raba kama hizo, kwa kuwa uzito wa mguuni unachosha kuliko uzito wa mgongoni. Buti lisilopitisha maji lina ubaya mmoja mkubwa ufuoni: wimbi likiingia kwa juu, maji hayana pa kutokea. Unabeba bahari mguuni, ngozi inalainika, na baada ya saa moja inaanza kuchubuka.

Namna ya kuchagua dukani au kwenye mitumba ni hii.

Nenda jioni, baada ya kutwa ya kusimama. Mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi, na mguu wa saa sita mchana kwenye joto la ufuoni ni mkubwa zaidi. Vaa soksi utakazosafiri nazo. Toa ile soli ya ndani, iweke chini, uikanyage: kati ya kidole kirefu na ncha ya soli pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na pembeni nyama ya mguu isimwagike nje. Wengi wetu tumekua tukivaa ndara au kutembea peku, na vidole vyetu vimetanuka vizuri. Raba nyembamba ya mbele itavibana hata kama urefu ni sawa. Usikubali kuambiwa "itafunguka ukiivaa". Upana wa kitambaa hufunguka kidogo, urefu haufunguki kamwe.

Kisha ikunje kwa mikono miwili. Lazima ikunjike pale vidole vinapokunjika. Ikikunjika katikati ya wayo, iache. Bana kisigino kwa nyuma: kiwe kigumu kiasi cha kukushika. Ivae, panda na ushuke ngazi. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, hapo ndipo lengelenge la kwanza litakapotokea.

Mitumba ni soko jema, na raba za bei kubwa hupatikana humo kwa pesa kidogo, iwe ni Malindi au Kongowea, Mombasa. Lakini kiatu kinazeeka hata kisipovaliwa. Gundi ndiyo inayokufa mwanzo. Shika soli na mwili wa kiatu pale mbele, uvute kama unayetaka kuvitenganisha. Ukiona mstari unafunguka hata kwa upana wa unyusi, rudisha. Bonyeza povu la soli kwa kidole gumba: likiwa zima litabonyea na kurudi, likiwa limechoka litabaki gumu au litapasuka vipasuko vidogo vidogo. Kisha kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kiatu kilicholalia upande mmoja kimejifunza mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na kitakulazimisha uufuate.

Sandali nazo zina mahali pake. Zile za mikanda, zinazokaza kisigino, kifundo na mbele, ni nzuri kwa mchanga uliolowa. Mimi hupenda kuzibeba pamoja na raba: sandali ufuoni, raba kuanzia Kipungani. Ukiwa na uwezo wa kununua kimoja tu, nunua raba. Akala za tairi zinashinda miba kuliko kiatu chochote nilichowahi kukiona, ila ukingo wa mkanda wake ukichanganyika na chumvi na mchanga unakata ngozi, labda mguu wako uwe umeshazizoea kwa miaka. Ndara ni za msalani na za mlangoni kwa mwenyeji. Peku kwenye mchanga mgumu wa asubuhi ni raha na sikukatazi, lakini beba kiatu. Saa tano mchanga mkavu unaunguza, na ndani ya kisiwa kuna miba.

Kiatu kipya kivae angalau wiki tatu kabla ya safari. Nenda nacho sokoni, msikitini, kazini. Kisha tembea mjini hadi Shela na kurudi baada ya alasiri, mara kadhaa kwa wiki. Kwenda ni kilomita 3 hivi, yaani dakika 40 au 45, na njia ile itakuonyesha kila kasoro ya kiatu na ya soksi ukiwa bado karibu na nyumbani. Mwisho ongeza begi lenye uzito utakaobeba. Akiweza mtu kwenda na kurudi mara mbili mfululizo bila maumivu, safari ya kutwa anaiweza.

Soksi, mchanga na malengelenge

Mchanga wa Shela ni laini mno na unapenya kwenye wavu wa raba. Huwezi kuuzuia wote, unaweza kuupunguza. Fundi wa cherehani akukatie mikono miwili ya kitambaa chepesi, kila mmoja na lastiki juu na chini, uvae kuanzia kifundo mpaka juu ya kamba za kiatu. Ni kazi ya dakika chache na mabaki ya kitambaa yanatosha. Mchanga mwingi utaishia nje.

Soksi za pamba acha nyumbani. Pamba ikilowa inabaki imelowa. Chukua za nailoni au za sufu nyembamba, jozi tatu: moja mguuni, moja inakauka juu ya begi, moja kavu kabisa ndani ya mfuko. Badilisha kila unaposimama kwa muda mrefu.

Lengelenge linataka vitu vitatu vikutane, yaani joto, unyevu na msuguano, na mchanga unaongeza nguvu ya huo wa tatu. Kabla halijatokea, mguu huwa unatoa habari: sehemu moja inaanza kuwaka. Hapo hapo simama. Usiseme "nitafika pale kwenye kivuli". Vua kiatu, kung'uta, futa mguu kwa kitambaa kikavu mpaka usibaki chembe ya mchanga, hasa kati ya vidole, kisha bandika plasta ya kitambaa, ile ya kukata kutoka kwenye gurudumu. Kata pembe zake ziwe za mviringo zisije zikakunjuka. Vaa soksi kavu. Ni dakika tano, na zinaokoa saa nne za kuchechemea.

Likishatokea na halijapasuka, liache, lifunike. Likiwa kubwa kiasi cha kukuzuia kutembea, safisha sindano kwa spiriti, toboa pembeni, kamua taratibu na uiache ngozi ya juu mahali pake. Hiyo ndiyo bandeji bora. Usiingie tena baharini na kidonda kilicho wazi.

Kwa wenye kuswali, udhu ni nafasi nzuri ya kukagua miguu, na wengi hawaitumii. Umeshavua, umeshaosha, tazama visigino na kati ya vidole, kausha sawasawa kabla ya kurudisha soksi. Unyevu unaobaki kati ya vidole ndio unaoleta fangasi na michubuko.

Nguo na begi

Vaa mikono mirefu, nguo pana, rangi nyepesi. Jua litakuwa nyuma yako asubuhi yote, likichoma shingo na nyuma ya magoti, kwa hiyo kofia iwe na ukingo pande zote. Kofia pana ya ukili inafanya kazi hiyo vizuri na inapitisha hewa. Kofia yenye ukingo wa mbele tu haikusaidii kitu ukielekea magharibi. Suruali ifunike magoti, kwa ajili ya jua na kwa ajili ya heshima, kwani unapita Kipungani na Matondoni, vijiji vya watu wenye staha zao. Dada zetu wanaotembea na baibui wachague kitambaa chepesi, na chini yake suruali ya kubana kidogo inayozuia mapaja kusuguana. Mafuta mazito ya kujipaka, mapajani na makwapani, yanamfaa kila mtu. Chukua kikoi au leso moja. Ni kivuli, ni taulo, ni kamba ya kumfungia mkono aliyeteguka.

Begi la lita 20 linatosha. Likiwa kubwa utalijaza. Mikanda ya mabega iwe mipana, na kuwe na mkanda wa kifuani usiruhusu begi kucheza. Vitu vizito, yaani maji, vikae karibu na mgongo, juu kidogo ya kiuno.

Maji ndiyo mzigo wenyewe. Ukishapita majengo ya mwisho ya Shela hakuna duka, hakuna bomba, hakuna mti wa kivuli mpaka unapokaribia Kipungani. Kwa joto letu hesabu kati ya nusu lita na lita moja kwa kila saa. Ufuo wote ni saa tatu hadi nne, basi beba lita tatu au nne kwa kila mtu mzima. Lita moja ni kilo moja. Ndiyo, ni nzito, na inapungua kadiri unavyokwenda. Anza kunywa kabla ya kiu. Jasho linatoa chumvi pia, na maji matupu hayairudishi. Tengeneza chupa moja ya maji ya chumvi na sukari nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi. Dafu utakalolipata Kipungani ni zuri lakini lina chumvi kidogo, kwa hiyo linywe pamoja na kitu chenye chumvi. Maji ya visima vya vijijini mara nyingine yana ladha ya bahari. Beba dawa ya matone ya kusafishia maji, utie na usubiri muda ulioandikwa kwenye chupa.

Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja: tende, mkate wa mofa, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi. Tende zinastahili sifa yake. Haziharibiki kwa joto na zinatia nguvu upesi.

Kilichobaki ni kidogo: plasta, spiriti, sindano, dawa ya maumivu, mafuta ya kuzuia jua, tochi hata kama unatarajia kurudi mchana, betri ya kuchajia simu, filimbi, pesa taslimu za noti ndogo. Simu iwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji wenye kufungwa sawasawa. Na fimbo moja. Ufuoni haina kazi kubwa, lakini ukikuta kijito cha maji au tope la mikoko, fimbo inapima kina kabla ya mguu.

Njia yenyewe

Swali alfajiri, toka mjini saa kumi na mbili. Siku ulizochagua maji yatakuwa bado juu wakati huo, na sehemu za ufuo kati ya mjini na Shela hufunikwa, kwa hiyo pita njia ya ndani pale maji yanapogusa ukuta. Shela simama kidogo. Jaza maji, tazama watu wenzako, uliza nani hajanywa chai. Msikiti wenye mnara mweupe unaouona pale ulijengwa mwaka 1829, na hadi leo ndio alama ya kukuonyesha Shela kutoka mbali.

Mwambie mtu aliyebaki mjini saa unayoanza na saa unayotarajia kufika Kipungani. Usiende peke yako. Watu watatu ni wachache kabisa wanaofaa, maana mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na mwingine anakwenda kuita msaada. Ukiwa mgeni wa Lamu, chukua kijana wa hapa anayeijua njia, umlipe vizuri, na kabla ya kutoka uliza kuhusu usalama kwa polisi au kwa mzee wa mtaa. Mawaidha haya yote ni ya visiwani. Upande wa bara usiingie kwa miguu bila ruhusa na ushauri wa wenye mamlaka.

Ukiingia ufuoni, bahari iko kushoto na vilima vya mchanga kulia. Vilima vile usivipande. Mvua inayoviangukia inachujwa na kukaa chini yake, na maji matamu ya visima vya kisiwa yanategemea hifadhi hiyo. Majani yanayotambaa juu ya mchanga ndiyo yanayoushika usipeperuke, na nyayo za watu wengi zinayaua. Yapende kwa kuyapita mbali. Usiku kasa hupanda kutaga katika ufuo huu. Ukiona alama pana zilizoburutwa kutoka majini kwenda juu, zunguka, usichimbe wala usikanyage mahali zinapoishia.

Sasa angalia mguu wako wa kushoto. Ufuo umeinama kuelekea majini, na ukitembea kwenye mwinamo huo kwa saa tatu, mguu wa kushoto unakuwa chini kuliko wa kulia kila hatua. Nyonga ndiyo itakayolipa, usiku, ukishalala. Kwa hiyo kadiri maji yanavyotoka, shuka nayo, mpaka kwenye ule mchanga tambarare wa chini unaong'aa. Mahali pazuri utapajua kwa nyayo zako: kisigino kikiacha alama ya kina kidogo tu na mchanga unaouzunguka mguu ukapauka kwa muda unapokanyaga, hapo ndipo. Nyayo zikijaa maji, umeshuka mno. Zikibomoka pembeni, umepanda mno.

Pumzika kila saa moja, dakika kumi, viatu vimevuliwa. Kuoga baharini ni kwa mwenye kujua, na asiende mbali. Upande huu hauna mwamba wa kuvunja mawimbi na mkondo una nguvu.

Kipungani utafika kati ya saa nne na saa tano unusu. Ingia kijijini kwa salamu, uliza kwa mtu mzima: "Asalaam aleikum, mzee. Twaomba kupumzika kivulini." Hutakosa mkeka. Hapa wanawake ni hodari wa kusuka mikeka na mifuko. Ukitaka kuleta kitu nyumbani nunua kwao moja kwa moja, na ukitaka kupiga picha omba kwanza. Kaa hadi baada ya adhuhuri. Saa za jua la utosini si za kutembea, na aliyechoka kupita kiasi afanyiwe mpango wa kurudi kwa mashua sasa hivi, maana Matondoni atakuwa amechoka zaidi.

Kutoka Kipungani hadi Matondoni vijia ni vingi na vinachanganya. Vinapita kwenye minazi, miembe na mashamba ya watu, vingine vinaishia kwenye kisima au kwenye boma la ng'ombe. Uliza kabla hujapotea, tena uliza kwa kutaja unakokwenda na usimwonyeshe mtu njia ukitaka aithibitishe. Kwa adabu tu atakuitikia "ndiyo". Sema "Njia ya Matondoni ni ipi?" na umwachie aoneshe yeye. Fuata kijia chenye samadi mbichi ya punda, kwani punda aliyebeba mzigo haendi pasipo na watu. Ukiona mikoko mbele na ardhi inalainika, umekwenda mno upande wa mkono wa bahari, rudi.

Matondoni ni kijiji cha mafundi wa majahazi. Jahazi likiwa juu ya magogo, mbavu zikiwa wazi na fundi anapigilia kalafati kati ya mbao, panastahili nusu saa yako. Kutoka hapo hadi mjini ni saa mbili hivi, kijia kinaeleweka na jua limeshalegea. Toka Matondoni si zaidi ya saa kumi, uingie mjini na mwanga.

Usiku huo osha raba kwa maji matamu, ndani na nje, toa soli ya ndani na zikauke kivulini. Jua linaua gundi, na chumvi ikibaki kwenye mshono inaukata uzi taratibu.

Ukitaka zaidi: Pate

Aliyeizunguka Lamu na miguu yake ikabaki salama, kisiwa cha Pate kinamngoja. Huko mtu anaweza kutembea siku mbili au tatu, kutoka mji wa Pate hadi Siyu, kisha Faza, akilala kwa wenyeji. Pate hadi Siyu ni kilomita 8 hivi, saa mbili za vijia vya mashamba, na Siyu hadi Faza ni mwendo wa kukaribiana na huo. Magofu ya Pate yako ndani ya mashamba ya tumbaku, na Siyu ina ngome yake kando ya mkono wa bahari. Mji huo ulisifika kwa kazi za ngozi, na makubadhi ya Siyu yalivaliwa pwani nzima. Kutoka Siyu unaweza kwenda Shanga, mojawapo ya miji mikongwe kabisa ya Waswahili, ambako wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8. Chukua mwenyeji, kwa sababu njia ya Shanga hupita mahali panapofikiwa na maji.

Begi la Pate linaongezeka vitu vichache tu: chandarua, shuka moja, nguo ya kubadilisha na maji ya kutosha kati ya mji na mji. Viatu ni vile vile. Kinachobadilika ni mashua. Chombo kinachotoka Lamu kinapita mlango mwembamba wa Mkanda, ambao unataka maji mengi, na hushusha abiria Mtangawanda, kisha mji wa Pate ni saa moja kwa miguu. Kurudi kutoka Faza ni hivyo hivyo; maji yakipwa pale ni tope tupu na chombo hakisogei. Kwa hiyo saa ya kuondoka inabadilika kila siku, na mara nyingi ni usiku wa manane au alfajiri sana. Ukifika Faza, kabla ya kuoga na kabla ya kula, mtafute nahodha umwulize saa yake ya kesho, umwachie jina lako na mahali unapolala.